Kabla ya Kutuma Muswada kwenye Jarida la Tiba ya Mifugo: Mambo ya Kuzingatia

Wengi wetu huanza kujiandaa kutuma makala ya utafiti siku tunapofungua tovuti ya jarida na kukuta linataka ukubwa fulani wa herufi na mtindo fulani wa marejeleo. Hayo ni mambo ya jioni moja. Yanayozamisha muswada ni yale ambayo siku hiyo hayarekebishiki tena: kibali ambacho hakikuombwa, damu iliyochukuliwa bila kuandika imetoka boma gani, mwandishi mwenza asiyejua kwamba jina lake limo. Kwa hiyo nimeyapanga hapa kwa kigezo kimoja, ugumu wa kuyarekebisha, nikianza na yale yasiyorudi nyuma hata ukiwa na fedha. Mfano wangu ni utafiti unaofanyika sana kwetu: kupima damu ya ng'ombe wa wafugaji kutafuta brusela, ugonjwa unaosababisha ng'ombe kutupa mimba na unaompata binadamu kupitia maziwa mabichi au akimzalisha mnyama mikono mitupu.

Vibali na tarehe zake

Mhariri wa jarida lolote la maana atataka jina la kamati ya maadili, namba ya kibali na tarehe. Tarehe ndiyo inayowaumbua watu. Kibali cha Agosti hakiwezi kufunika damu iliyochukuliwa Mei, na kamati makini haitoi kibali cha kurudi nyuma. Tanzania utahitaji idhini ya kamati ya chuo au taasisi yako pamoja na kibali cha utafiti cha COSTECH, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia. Mamlaka kama hiyo Kenya ni NACOSTI, Uganda ni UNCST. Ukigusa nyati au nyumbu wa Tanzania, TAWIRI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori, nayo inaingia. Na ukichukua damu ya mfugaji pamoja na ya ng'ombe wake, kama zinavyofanya tafiti za Afya Moja, zinazochunguza afya ya watu na ya wanyama kwa pamoja, umeshaingia kwenye utafiti wa binadamu na njia yako Tanzania inapita NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu. Kibali cha wanyama hakimfuniki mwenye mifugo.

Kuna hoja inayosikika sana: "Tulichukua damu wakati wa zoezi la kawaida la halmashauri, kwa hiyo kibali hakikuhitajika." Inaweza kuwa kweli. Lakini anayepaswa kusema hivyo ni kamati, kwa barua, kabla ya zoezi. Barua ya msamaha ikiwepo, itaje kwenye muswada kama ambavyo ungetaja kibali.

Idhini ya wafugaji nayo ieleze vizuri. Katika boma la Wamaasai au la Wasukuma, mzee anayekuruhusu kuingia zizini si lazima awe mwenye kila ng'ombe aliyemo. Wengine ni wa mke, wa kijana aliyeoa, au wa ndugu aliyeko mjini. Andika nani aliulizwa, kwa lugha gani, na kama alitia sahihi, dole gumba au alikubali kwa mdomo mbele ya shahidi. Ramani inayoonyesha boma la mtu kwa vipimo vya GPS, kando yake ikiandikwa kwamba mifugo yake ina ugonjwa, inamwanika mfugaji huyo kwa wanunuzi na kwa majirani. Shusha ramani hadi ngazi ya kata. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data ya mwaka 2019 na Tanzania ya mwaka 2022, na majarida yanayotaka uweke data hadharani hayakulazimishi uanike watu.

Sampuli zilizosafirishwa kwenda maabara ya nje zinahitaji karatasi zake, yaani mkataba wa kuhamisha sampuli na vibali vya kutoka na kuingia nchini. Tangu Itifaki ya Nagoya, mkataba wa kimataifa kuhusu matumizi ya rasilimali za kijenetiki za nchi, ianze kutumika mwaka 2014, baadhi ya majarida huuliza waziwazi.

Kuna jambo lingine la kibali ambalo halimo kwenye fomu ya jarida lolote, ila naliona zito kuliko mengine. Ukigundua ugonjwa ambao ni lazima utolewe taarifa serikalini mahali ambapo haujawahi kuripotiwa, Mkurugenzi wa Huduma za Mifugo asome habari hiyo kwenye barua yako kabla hajaisoma mtandaoni. Sotoka ya mbuzi na kondoo ilithibitishwa Tanzania mwaka 2008, na kila anayefanya biashara ya mifugo anajua habari kama hiyo hufanya nini kwenye minada na mipakani. Taarifa rasmi kwa Shirika la Afya ya Wanyama Duniani hutolewa na nchi kupitia mjumbe wake. Si kazi ya ikisiri, ule muhtasari unaotangulia makala, ya mwanafunzi wa uzamili.

Wale ng'ombe 384

Ukisoma tasnifu za vyuo vyetu utaikuta namba hii mara nyingi mno: 384. Haikushuka kutoka mbinguni. Ni 1.96 (namba ya uhakika wa asilimia 95) ikijizidisha yenyewe, mara 0.5 mara 0.5, gawanya kwa 0.05 iliyojizidisha yenyewe. Maana yake unataka kukadiria kiwango cha maambukizi kwa usahihi wa asilimia 5 juu au chini, na kwa kuwa hujui kitakuwa ngapi umechukulia nusu. Kanuni haina kosa, ila inadhani kila ng'ombe amechaguliwa peke yake kwa nasibu kutoka wilaya nzima. Hakuna anayefanya hivyo. Unaingia boma moja, unachukua damu ya ng'ombe kumi, unahamia boma jingine.

Ng'ombe wa boma moja hunywa kisima kimoja, hupandwa na dume mmoja na huzalia kwenye zizi moja. Akiambukizwa mmoja, wenzake wamo hatarini, kwa hiyo ng'ombe wa kumi hakupi habari mpya kama aliyokupa wa kwanza. Wanatakwimu hulipima jambo hili kwa kuchukua idadi ya wanyama kwa kila boma, kutoa moja, kuzidisha kwa kiwango cha kufanana ndani ya boma, kisha kuongeza moja. Tuseme kufanana huko ni 0.2 na umepima kumi kwa kila boma: unapata 2.8. Wale 384 wanabaki na uzito wa ng'ombe 137, na usahihi wako wa asilimia 5 unakuwa zaidi ya asilimia 8. Ili kubaki pale ulipotaka ungehitaji ng'ombe wapatao 1,075.

Mhakiki anayejua epidemiolojia huangalia hapo kabla ya kusoma chochote kingine. Habari njema ni kwamba kama namba ya boma imeandikwa kwenye kila chupa ya damu na kwenye kila mstari wa jedwali la data, bado una dawa. Utachambua kwa modeli inayolihesabu boma, utaweka mipaka ya uhakika (kiwango cha chini na cha juu ambamo jibu halisi huenda limo) iliyo mipana zaidi, utaeleza wazi, na muswada utasimama. Kama namba ya boma haikuandikwa, hakuna programu ya kompyuta itakayoirudisha. Kagua hilo leo, hata kama muswada wako uko mbali.

Jambo la pili katika hesabu ni kipimo chenyewe. Rosi Bengali ni kipimo cha bei nafuu, kinafanyika hata nyuma ya gari, lakini hutoa jibu la "ana ugonjwa" pia kwa kingamwili za bakteria mwingine, Yersinia enterocolitica O:9, na kwa ng'ombe waliochanjwa chanjo ya brusela ya S19. Chanjo ya RB51 haina shida hiyo. Kwa hiyo muswada useme kama mifugo ilichanjwa, kwa chanjo ipi, na kama sampuli zilizotoa jibu hilo zilithibitishwa kwa kipimo cha pili, kwa mfano ELISA, kipimo cha maabara cha kutafuta kingamwili. Kisha tofautisha kiwango kilichoonekana na kiwango halisi. Rogan na Gladen walitoa kanuni yake mwaka 1978 na ni ya mstari mmoja. Chukua kipimo kinachokamata wagonjwa 90 kati ya 100 na kuwaachia wazima 95 kati ya 100. Kikikuonyesha asilimia 10, kiwango halisi ni karibu asilimia 5.9. Hapo umeandika "asilimia 10" kwenye ikisiri, na mtu wa wizara ataichukua namba hiyo kupangia bajeti ya chanjo.

Thamani ya p, ile namba inayosaidia kupima kama tofauti imetokea kwa bahati tu, peke yake haitoshi. Toa ukubwa wa tofauti na mipaka yake ya uhakika, na ueleze matokeo yasiyo na tofauti kwa uaminifu uleule.

Majina

Ukisubiri hadi usiku wa kutuma ndipo uamue nani awe mwandishi wa ngapi, umechelewa. Vigezo vinavyotumika sana ni vinne vya kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba: mtu awe amechangia kwa kiasi kikubwa wazo, ukusanyaji au uchambuzi, awe ameandika au kuihakiki rasimu kwa undani, awe ameidhinisha toleo la mwisho, na awe tayari kuwajibika. Vyote vinne kwa pamoja. Mkuu wa idara aliyetia sahihi ya matumizi ya gari anashukuriwa kwenye shukrani, pamoja na ofisa mifugo wa kata aliyewaonyesha njia. Lakini ofisa huyo akiwa ndiye aliyepanga maboma, akachukua damu na kutafsiri majibu, basi mpe nafasi ya kuisoma rasimu ili atimize na vigezo vilivyobaki. Kumnyima rasimu kisha kusema hakutimiza vigezo ni ujanja, na tunaujua.

Programu za akili unde haziwekwi kwenye orodha ya waandishi. Kama zilikusaidia kusafisha Kiingereza, sema hivyo pale jarida linapoelekeza. Na kila mwandishi awe na namba yake ya ORCID, inayomtambulisha mtafiti asichanganywe na mwingine, ni bure.

Miongozo ya kuripoti

Hii ni orodha ya mambo ambayo makala ya aina fulani inapaswa kuyaeleza. Isome kabla hujaandika sehemu ya mbinu, maana itakuuliza mambo ambayo yamo kwenye daftari lako la uwandani na hukufikiria kuyasema. Utafiti wa kuchunguza tu, kama huu wa brusela, unafuata STROBE-Vet ya mwaka 2016. Majaribio ya dawa au chanjo kwa mifugo ya nyama na maziwa yanafuata REFLECT ya mwaka 2010. Majaribio ya wanyama wa maabara, na mengine mengi, yanafuata ARRIVE, toleo la pili la mwaka 2020. Jarida likikutaka ujaze fomu ya mwongozo na kuonyesha kila jibu liko ukurasa gani, ijaze kweli. Kuandika "ndiyo" kila mstari kunaonekana haraka.

Kama umesoma vinasaba vya vimelea, mfuatano wake uwe umeshapelekwa GenBank, hifadhi ya wazi ya mifuatano ya vinasaba, na namba yake imo kwenye muswada.

Msomaji asiyejua boma

Mhakiki wako anaweza kuwa Uholanzi au Brazil. Hajui boma ni nini, na akisikia masika hajui ni mwezi gani. Usiyafute maneno hayo, yaeleze mara moja kwa usahihi: masika ni mvua ndefu za Machi hadi Mei, boma ni kaya zinazolaza mifugo yake zizi moja usiku. Taja aina ya ng'ombe, umri na jinsi ulivyoukadiria (kwa meno, kwa maneno ya mwenye mifugo?), jinsia, malisho, na kama makundi huchanganyika kwenye maji au majosho. Dawa zitajwe kwa jina la kitaalamu, kipimo kwa kila kilo ya uzito, na njia iliyotumika. Na uzito ulipimwa kwa mizani au kwa utepe? Wahakiki huuliza.

Jarida lenyewe

Soma makala tatu au nne za hivi karibuni za jarida unalolitaka. Kama hakuna hata moja ya kupima kiwango cha maambukizi katika wilaya moja, yako haitakuwa ya kwanza. Tropical Animal Health and Production na Onderstepoort Journal of Veterinary Research yanaijua mifugo ya Afrika. Tanzania Veterinary Journal liko hapahapa. Barua pepe inayokuita "daktari mashuhuri" na kukuahidi kuchapisha ndani ya siku saba, ifute. Jarida likidai limo kwenye Scopus au DOAJ, orodha za kimataifa za majarida, hakikisha kwenye Scopus na DOAJ wenyewe, kwa kuwa matapeli huiga hadi tovuti za majarida halisi.

Ada ya uchapishaji wa wazi inaweza kufuta mshahara wa miezi kadhaa. Wachapishaji wakubwa hutoa msamaha au punguzo kwa nchi zilizo kwenye orodha zao, lakini wengi wanataka uombe wakati wa kutuma. Ukiomba baada ya kukubaliwa utaambiwa muda umepita. Angalia pia kama msamaha unategemea nchi ya mwandishi wa mawasiliano, yule anayeandikiana na jarida, au ya waandishi wote.

Kama tasnifu yako imewekwa kwenye hifadhi ya mtandaoni ya chuo, mashine ya kukagua ufanano itaikuta na kukuonyesha umenakili, hata kama umejinakili mwenyewe. Litaje kwenye barua kwa mhariri. Barua hiyo isizidi ukurasa: umegundua nini, kwa nini wasomaji wa jarida hili wajali, na kwamba muswada hauko jarida jingine.

Sasa ndiyo fika kwenye herufi na marejeleo: majina ya kisayansi kwa mlazo, namba za mistari ubavuni, picha zenye ubora unaotakiwa, jumla za majedwali zilingane na zile za ikisiri. Hili la mwisho likague kwa kalamu, maana ng'ombe huongezeka na kupungua kati ya ikisiri na jedwali la pili kwa namna ya ajabu.

Mfumo ukishatengeneza faili la PDF, lifungue na ulisome lote kabla ya kuidhinisha. Majedwali hukatika upande wa kulia. Na wenzako waambie mapema kwamba jarida litawatumia barua ya kuthibitisha uandishi, waiangalie hata kwenye folda ya barua taka, kwani kuna majarida yasiyoanza kuushughulikia muswada hadi kila mmoja ajibu.