Mafunzo ya siku moja ya klorini kwa wahudumu wa afya ya jamii, kabla mvua hazijaanza

Mwongozo huu ni wa afisa afya wa kata au mganga mfawidhi aliyeambiwa awanoe upya wahudumu wake kuhusu kipindupindu na mafuriko, akiwa na siku moja na bajeti ya chai. Kwa maeneo ya mvua mbili, fanya Septemba kwa ajili ya vuli na Februari kwa ajili ya masika. Ukingoja maji yafike mlangoni, wahudumu unaowataka watakuwa wanahamisha watoto na magodoro yao.

Hatua ya 1: Ukumbi na watu

Wasizidi 15. Kaa chini ya mwembe wa zahanati, karibu na maji. Projekta iache ofisini: mtu hajifunzi kuchanganya dawa kwa kutazama ukuta.

Hatua ya 2: Vifaa

Unga wa klorini (HTH) wa asilimia 65 hadi 70, ndoo nane za plastiki za lita 20, vijiko vya chakula vya plastiki, mzani wa jikoni, mabomba ya sindano ya mililita 10 bila sindano, kipimo cha klorini chenye vidonge vya DPD 1 (vinavyogeuza maji yenye klorini kuwa waridi), saa, glavu nene, miwani ya kujikinga na gambuti. Epuka vyombo vya chuma, maana klorini inavila na yenyewe inapungua nguvu.

Fungua kopo la HTH siku moja kabla. Ukikuta unga umeganda au umelowa, hasa maeneo ya pwani, usiutumie kufundishia vipimo kwa sababu asilimia iliyoandikwa kwenye kopo si ya kuaminika tena. Na kopo hilo lisikae stoo moja na dizeli ya jenereta, vikikutana vinaweza kuwaka.

Hatua ya 3: Nguvu tatu, ndoo tatu

Kijiko cha chakula kilichosawazishwa kwa kisu hubeba takriban gramu 15. Kipime kwenye mzani mbele yao, kisha pima na kilichojazwa kilima, waone tofauti.

- Asilimia 0.05 (kunawa mikono pasipo na sabuni, kuloweka nguo): kijiko 1 kwa lita 20.
- Asilimia 0.2 (sakafu, vitanda, vyombo): vijiko 4 kwa lita 20.
- Asilimia 2 (matapishi, kinyesi, maiti): vijiko 2 kwa kila lita 1.

Tia unga kwenye maji, usimwagie maji juu ya unga. Koroga, funika, ngoja nusu saa, kisha mimina maji ya juu kwenye chombo kingine. Machicha meupe ya chini ni chokaa, na ndiyo yanayoziba koki za ndoo za kunawia. Tengeneza upya kila siku na weka kivulini. Usichanganye na siki, dawa ya choo yenye asidi wala kitu chenye amonia. Gesi inayotoka inaunguza mapafu.

Kama kilichopo ni dawa ya majimaji ya kung'arishia nguo, kama Jik, gawanya asilimia ya chupa kwa asilimia unayotaka, toa moja, utapata sehemu za maji. Chupa ya 3.5 ukitaka 0.5: 3.5 ÷ 0.5 = 7, toa 1, basi sehemu 1 ya dawa kwa sehemu 6 za maji. Mimi napendelea unga. Chupa hupungua nguvu dukani kabla hata hujainunua.

Andika asilimia kwenye ndoo kwa rangi ya mafuta. Ya asilimia 2 ipake nyekundu, pembeni na kwenye mfuniko, maana mifuniko hubadilishana.

Hatua ya 4: Kipimo cha ndoo nne kwa maji ya kunywa

Tenga asubuhi nzima iliyobaki. Hapa ndipo wengi hukariri "kijiko kimoja kwa tanki" halafu wanawapa watu maji yasiyo na kinga. Maji ya kisima na ya mto uliofurika hayali klorini sawa: tope na uozo huimaliza kabla haijafika kwa vijidudu. Ndiyo maana unapima maji yaleyale watu watakayokunywa, na mvua ikinyesha tena unarudia.

Tengeneza dawa mama ya asilimia 1: kijiko 1 cha HTH kwa lita 1, siku hiyohiyo. Jaza ndoo nne za lita 20 kutoka chanzo husika. Kwa bomba la sindano tia mililita 2, 4, 6 na 8. Zinatoa miligramu 1, 2, 3 na 4 kwa lita. Usitumie bomba la insulini, alama zake ni yuniti. Koroga, funika, ngoja dakika 30 kamili. Kama pH (kipimo cha asidi ya maji) inazidi 8, ngoja saa nzima.

Sasa pima klorini iliyobaki. Mfano: ndoo ya kwanza 0, ya pili 0.1, ya tatu 0.4, ya nne 1.0. Unatafuta miligramu 0.2 hadi 0.5 kwa lita, kwa hiyo chukua ya tatu. Mililita 6 kwa lita 20 ni lita 1.5 ya dawa mama kwa tanki la lita 5,000. Mahali pa kuchotea lenga 0.5, kwa sababu klorini itaendelea kupungua ndani ya dumu nyumbani.

Mambo yanayoharibu kipimo hiki:

Kidonge cha DPD kikishikwa kwa vidole kinachafuka, kisukume moja kwa moja kutoka kwenye karatasi yake. DPD 3 inasoma klorini yote pamoja na ile iliyokwishatumika. Wewe unataka DPD 1. Kidonge kingine kwenye boksi hilohilo, phenol red, ni cha pH.

La hatari zaidi: maji yenye klorini nyingi mno hayageuki waridi sana, yanabaki meupe. Klorini hufuta rangi ya kidonge. Mhudumu anasoma sifuri, anaongeza dawa, na watu wanakataa maji kwa harufu. Ukiona meupe na unasikia harufu kali, au rangi iliwaka sekunde moja ikapotea, chukua sehemu 1 ya maji hayo na 9 za maji safi yasiyo na klorini, pima upya, zidisha kwa 10. Fanya hili makusudi mbele yao, kwa ndoo uliyoizidishia dawa.

Ndoo zote nne zikisoma sifuri bila harufu, endelea na mililita 10, 12, 14 na 16. Bado sifuri? Tatizo ni tope. Tuliza maji kwa shabu, hamishia ya juu, ndipo uanze tena.

Vidonge vya klorini vya miligramu 67 ni vya nyumbani: kimoja kwa ndoo ya lita 20 ya maji maangavu.

Hatua ya 5: ORS (maji ya chumvi na sukari ya anayeharisha)

Pakiti moja, lita moja, saa 24 kisha mwaga. Hakuna pakiti: vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi kwa lita hiyo moja, vyote vya kusawazisha. Anayeharisha majimaji mara tatu au zaidi kwa siku apewe njiani, si baada ya kufika zahanati, na taarifa itoke siku hiyohiyo.

Hatua ya 6: Zoezi la mezani

Ijumaa saa 11 jioni, mto umefurika, kalavati limekatika, watu 200 wako shule ya msingi. Waache wapige hesabu. Lita 15 kwa mtu ni lita 3,000 kwa siku. Kwa mililita 6 kwa lita 20, ni mililita 900 za dawa mama, yaani hata kijiko kimoja cha unga hakitimii. Vyoo, kimoja kwa watu 50, ni vinne. Wataona wenyewe kwamba klorini si tatizo. Kinachokosekana ni tanki, mtu wa kukaa hapo saa 12 asubuhi, na nani ana ufunguo wa stoo Jumamosi. Andikeni majina matatu ya wenye ufunguo kabla hamjaagana.

Hatua ya 7: Mtihani

Hakuna karatasi. Kila mmoja achanganye ndoo moja utakayoitaja na asome kipimo kimoja. Aliyekosea arudie hapohapo. Baada ya mwezi mpitie kila mmoja na kipimo mkononi, upime maji ya dumu la nyumbani kwake.