Kusafiri kwa ndege na bunduki nchini Marekani

Kanuni za TSA, idara inayosimamia usalama wa safari nchini Marekani, zinaruhusu bunduki au bastola isafiri tumboni mwa ndege pekee, wala si kwenye begi la mkononi.

Kabla hujatoka nyumbani, toa magazini (kikasha kinachobeba risasi ndani ya silaha), vuta kitasa cha bunduki nyuma, kisha tazama chemba, yaani tundu ambamo risasi hukaa kabla ya kufyatuliwa, kwa macho na uipapase kwa kidole, kwa kuwa risasi moja iliyosahaulika humo ndiyo hatari kubwa kuliko zote. Iweke ndani ya kasha gumu, ulifunge kwa kufuli, halafu ujaribu kuinua kila pembe ya kifuniko. Kidole kikipenya, kasha hilo halifai. Ufunguo ubaki nawe.

Risasi zipangwe katika boksi lililotengenezwa kuzihifadhi. Mashirika mengi ya ndege huweka kikomo cha kilo 5, basi ulizia mapema.

Ukifika kaunta, mweleze mhudumu kwa utulivu kwamba mzigo wako una silaha isiyo na risasi, ujaze fomu ya kutangaza silaha hiyo, na usiondoke jirani mpaka kasha limekaguliwa. Sheria za jimbo uendako nazo uzisome kabla ya kukata tiketi.