Ukiona tukio Kibirizi, Kigoma, litume gazetini hivi

Jamani siku hizi gazeti halisubiri mpaka mwandishi wake afike Kigoma, kina Mwananchi na HabariLeo wanaweka habari mtandaoni kutwa nzima na picha ya msomaji inaweza kutumika, ila lazima wakuamini kwanza. Kwa hiyo ukikuta mfano maji ya ziwa yamekula mwalo wa Kibirizi, pale boti zinapotia nanga, laza simu upige picha moja ya mbali inayoonyesha eneo lote, na nyingine ya karibu.

Hapa ndo wengi wanaharibu: ukiituma WhatsApp kama picha ya kawaida inabanwa, ubora unashuka na ile tarehe iliyojificha ndani inapotea, wakati mhariri anaihitaji kuhakiki. Itume kama dokumenti. Andika nani, nini, wapi, lini, na useme wazi umeona mwenyewe au umeambiwa, hiyo ina thamani kuliko maneno matamu. Acha namba wakupigie.

Sura ya mtoto au majeruhi usionyeshe, tafadhali sana. Picha za kwenye magrupu achana nazo, sio zako. Na wakikosea jina la mtaa waambie hapohapo, mtandaoni inarekebishika fasta, ya karatasi mpaka toleo lijalo.