Somo: Venye tulichanga pesa za choo cha kanisa bila kugombana (sana)

Bwana asifiwe wapendwa. Wiki iliyopita nilisema nitaandika hii kitu na watu wakaniandama, sasa haya, ketini. Mimi nilikuwa katibu wa kamati ya ujenzi kwa kanisa letu huku Mwiki, Nairobi, kanisa dogo la mabati, tukijaa tunafika watu 170 na watoto. Tulikuwa na vyoo viwili vya shimo. Viwili. Ibada ikiisha kina mama wanapanga laini mpaka karibu na geti, na wageni wakija harusi unaona aibu kuwaonyesha njia. Kamati ikaamua tujenge vitatu vya kisasa, bajeti ya fundi ikasoma shilingi 480,000.

Sasa ujue kuchangia choo si kama kuchangia paa ama vyombo vya muziki. Spika mtu atatoa kwa furaha manake ataisikia ikipiga na atasema hiyo ni yangu. Choo nani anataka jina lake liandikwe hapo mlangoni? Kwa hivyo mengi tuliyojifunza tulijifunza kwa ugumu, na kama nyinyi mnachangia paa basi kwenu itakuwa rahisi zaidi.

Hatua ya 1: Tarehe kwanza, mambo mengine baadaye

Watu wanaanza na mgeni wa heshima. Hapana. Anza na kalenda. Januari usiguse kabisa, watu wamemaliza pesa Krismasi na karo inawangoja. Mwisho wa Aprili na mwisho wa Agosti shule zinafunguliwa, achana nazo pia. Desemba nusu ya kanisa iko ushago, yaani kijijini. Kwa ile mingine sisi tuliona afadhali Juni, Julai ama Oktoba, tukachukua Julai. Alafu ndani ya mwezi kuna siku zake: mshahara unaingia mwisho wa mwezi na kodi ya nyumba inatakiwa kufikia tarehe tano, sasa Jumapili iliyo kati ya mshahara na kodi ndiyo yako, kabla landilodi hajabisha. Mzee mmoja alisema hii ni ujanja wa kidunia, nikamwambia mzee, hata mkulima anangoja mvua.

Miezi mitatu ya maandalizi inatosha. Ukiweka sita watu wanasahau, ukiweka mmoja kadi za mchango hazirudi.

Hatua ya 2: Pesa itaingia wapi

Hapa nitakaa kidogo. Makanisa mengi madogo pesa inatumwa kwa simu ya mweka hazina, "ni mtu mwaminifu tunamjua". Sikatai ni mwaminifu. Lakini mnajua Fuliza, ule mkopo wa M-Pesa? Ukiwa na deni la Fuliza, pesa yoyote ikiingia kwa hiyo laini inakatwa yenyewe, haiulizi kama ni sadaka ama ni mshahara. Kuna mradi wetu wa zamani, wa viti, mweka hazina alipokea mchango wa 3,000 asubuhi na 1,800 ikaenda pale pale. Alirudisha, Mungu ni shahidi, lakini ilibidi aeleze mbele ya wazee deni lake lilitoka wapi (mtoto alikuwa mgonjwa) na hiyo aibu haikustahili kumpata mtu aliyekuwa anatumikia bure.

Kwa hivyo: Paybill (namba ya kulipia kwa M-Pesa) iliyounganishwa na akaunti ya benki ya kanisa, na jina likitokea kwa simu ya mtu kabla hajabonyeza liwe ni la kanisa. Wenye sahihi ya kutoa pesa benki wawe watatu na wasiwe wa nyumba moja. Na kama kuna mtu wa hela kubwa mwambieni mapema, M-Pesa inapeleka mwisho 250,000 kwa mara moja. Kwetu hakuna aliyepata hiyo shida, naweka tu.

Hatua ya 3: Gawanya watu, lakini si kwa utajiri

Makanisa mengine wanatumia ushirika za mitaa (vikundi vya maombi vya majirani), sisi tukatumia miezi ya kuzaliwa. Waliozaliwa Januari kikundi kimoja, Februari kingine, mpaka Desemba. Uzuri wake tajiri na mama mboga wanajikuta pamoja na hakuna kikundi cha matajiri. Ubaya wake ni kwamba wazee wetu wengi hawajui siku waliyozaliwa, kitambulisho kiliandikwa tu tarehe moja Januari, basi Januari ikawa na watu 31 na Septemba watu sita! Ilibidi tuombe wazee wengine wahamie Septemba na mmoja akakataa katakata, akasema serikali imemwandika Januari na atakufa Januari.

Kila kikundi kikapewa kadi za mchango. Tulichapisha River Road kule mjini Nairobi, ukienda huko zunguka maduka matatu kabla hujakubali bei. Kadi IWE NA NAMBA. Andika kwa kitabu kadi namba fulani amechukua fulani, na akirudisha tupu pia uandike, kadi tupu si dhambi lakini kadi iliyopotea ni kesi. Tulitoa 150 zikarudi 133.

Hatua ya 4: Uza kitu ambacho mtu anaweza kukiona

Hii ndiyo iliokoa choo chetu. Msichana wa Sunday school, yule mwalimu wao, alichukua manila na kuchora mawe 600, visanduku visanduku, akabandika karibu na mlango. Jiwe moja 200. Si bei ya jiwe peke yake kule Ndarugu linakochimbwa, ni jiwe na usafiri na simiti yake na mkono wa fundi. Ukilipa unachukua kalamu ya rangi unapaka sanduku lako mwenyewe. Jameni, watu ambao hawajawahi kugusa kadi walipaka mawe! Watoto walileta shilingi kumi kumi mpaka wanafika 200 wanapaka moja kwa pamoja. Mlinzi wa ploti ya jirani, na huyu ni Muislamu, alinunua mawe mawili akasema yeye pia huwa anaomba funguo ya choo.

Hiyo chati pekee ilituletea 96,400. Mtu hawezi kuona "asilimia fulani ya bajeti", lakini sanduku jeupe analiona kila Jumapili akiingia.

Hatua ya 5: Mgeni wa heshima

Fupi. Tulikuwa tumealika mwanasiasa mmoja, akakubali, akasema atakuja na marafiki, tukaongeza tenti na tukanunua nyama zaidi. Hakuja. Hata simu hakushika. Sitamtaja na hakuna haja.

Nikiangalia nyuma hata heri. Mnakumbuka Septemba 2021 Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit wa Anglikana kule Butere, siku Askofu Rose Okeno alipowekwa wakfu, alisema wanasiasa wakija ibada wakae kwa viti kama waumini wengine, madhabahu si yao. Baadaye Julai 2024, baada ya maandamano ya vijana, Rais Ruto mwenyewe akatangaza maofisa wa serikali wasishiriki harambee, yaani hii michango ya hadharani. Na Novemba hiyo hiyo 2024 Askofu Mkuu Anyolo wa Katoliki akaagiza pesa ambazo Rais alitoa kwa kanisa Katoliki kule Soweto Kayole zirudishwe. Sisi si Wakatoliki lakini hiyo siku tuliizungumzia kwa kikao chetu masaa mawili. Mimi maoni yangu ni kwamba mgeni wenu wa heshima awe mtu aliyekulia hapo kanisani. Sisi mwishowe alisimama mama mmoja mzee, mmoja wa wale kumi waliolianzisha kanisa chini ya mti, akatoa 500 yake na watu wakalia.

Hatua ya 6: Siku yenyewe

Chakula msipike kama harusi. Viazi na vitunguu soko la Muthurwa, nyama soko la Burma, sufuria kubwa tuliazima kwa kanisa jirani, na kazi ya chapati wakafanya kina mama wa Machi na Aprili kuanzia saa kumi usiku. Gharama zote za siku, pamoja na ile tenti ya mheshimiwa, 22,600. Hii andikeni na msomee watu, msiifiche chini ya "mengineyo".

Ibada iishe kwanza, baraka zitolewe, alafu ndio harambee. Emsii awe mchangamfu lakini asiwe wa kuaibisha watu, zile za "wenye elfu tano simameni, wenye mia mbili ketini" sisi tulikataza. Vikundi vinakuja mbele kwa wimbo, Septemba na wazee wao wa kuazima walikuja wakicheza kuliko wote.

Mnada sasa. Asiye na pesa ameleta kitu: trei ya mayai, ndizi, sukuma, jogoo. Huyo jogoo aliuzwa mara nne! Ananunuliwa 1,500, mnunuzi anasema namrudishia Bwana, anauzwa tena. Mara ya nne alinunuliwa na kijana wa bodaboda na yeye akaenda naye nyumbani, hakurudisha, watu wakacheka mpaka basi.

Hatua ya 7: Kuhesabu

Kabla mtu yeyote hajaondoka. Mweka hazina, mzee mmoja, kijana mmoja na mtu mmoja ambaye hayuko kwa kamati kabisa, wanne, meza moja, mahali watu wanawaona. Pesa ya mkononi ikapelekwa benki Jumatatu asubuhi na karatasi ya benki ikapigwa picha ikawekwa kwa kikundi cha WhatsApp.

Na mkisoma matokeo msichanganye ahadi na pesa. Hii makosa naiona kila mahali, mnapigiwa makofi "tumepata nusu milioni" na fundi anakuja mnaanza kutazamana. Sisi tulisoma hivi: kadi 138,000, mawe 96,400, mnada 41,350, sadaka ya siku hiyo mkononi na M-Pesa 118,250. Hiyo ni 394,000 ya ukweli. Ahadi kando, 150,000. Kufikia Septemba ahadi zilizolipwa ni 71,000. Toa gharama ya siku unabaki na 442,400, kwa hivyo tulipungukiwa na 37,600 na ndiyo sababu choo cha tatu kilikaa na pazia badala ya mlango kwa wiki kadhaa.

MASWALI YA WANACHAMA

Mama Tito, Kayole: Asante dada. Sisi shida yetu ni ahadi, mtu anasimama mbele anasema elfu kumi, anapigiwa makofi, alafu hata salamu anaacha kukupa. Mnawafanyaje?

Jibu: Mama Tito pole. Sisi tulimpa kila mtu karatasi aandike tarehe yeye mwenyewe na agawe, elfu kumi inaweza kuwa elfu mbili mara tano. Alafu mtu mmoja tu wa kamati anampigia, mara moja kwa mwezi, na kwanza anauliza habari ya watoto. Msisome majina kwa matangazo!! Kwa ule mradi wa viti mzee alisoma majina na familia mbili hatujawaona tena mpaka leo.

Brayo wa Githurai: Sisi vijana mnatuambia tutoe na hatuna kazi, tunabaki tukibeba viti tu

Jibu: Brayo kubeba viti pia ni kitu lakini nimekuelewa. Vijana wetu waliosha magari na boda nje ya geti Jumamosi nne, pembeni wakauza smoki (soseji) na mayai boilo na kachumbari. Waliweka hiyo pesa kwa kadi yao moja, na kadi hiyo ilishinda kadi ya daktari wetu. Waambieni wazee wawape maji tu na sabuni ya kuanzia.

Shemasi mzee: Binti yangu, nimesoma yote. Huo mnada ndani ya nyumba ya Bwana unanisumbua. Yesu alipindua meza, Yohana 2. Mlijibuje?

Jibu: Shikamoo mzee. Kwetu pia liliulizwa na hatukukubaliana wote. Tuliutoa nje, chini ya tenti, baada ya baraka, na kuna mama mmoja bado alikaa ndani akisoma Biblia mpaka ukaisha. Tulimheshimu. Mimi naona yule aliyeleta trei ya mayai hana njia nyingine ya kutoa, na ukiondoa mnada umemwondoa yeye. Lakini sitashindana na wewe mzee wangu.

Kadogo: sisi tuko watu 40 hatuna hata akaunti, tufanyeje hiyo ya Paybill

Jibu: Anzeni na akaunti ya kikundi. Kaeni kikao, chagueni mwenyekiti, katibu na mweka hazina, andikeni mukhtasari muweke sahihi, mwende benki muulize wanataka nini kingine, kila benki ina yake. Inachukua muda kwa hivyo fanyeni hiyo kabla ya kuchapisha kadi, manake namba lazima iwe kwa kadi.

Mama Tito, Kayole: Na ule mlango wa tatu uliwekwa?

Jibu: Uliwekwa, kina mama waliuza chai na mandazi baada ya ibada Jumapili saba mpaka ikatosha. Sasa shida ni funguo. Anakaa nazo mzee wa zamu, na Jumapili iliyopita mzee wa zamu alienda ushago nazo mfukoni.