Jinsi ya kuficha harufu yako ukiwa kibandani unangoja paa na pongo

Jamani tuanze na hili: Kenya uwindaji ulipigwa marufuku tangu 1977, kwa hiyo hapa naongea kungoja na kamera tu. Ila ule ufundi wa kukaa kwenye kijibanda cha chini bila mnyama kukunusa ni uleule wa wawindaji wa Marekani wanaongoja kulungu wao, na mimi nautumia msitu wa Arabuko-Sokoke, hapa pwani ya Kenya, nikitafuta paa, funo na pongo, wote jamii ya swala. Pitia kwanza kituo cha msitu hapo Gede uombe ruhusa na mtu wa kukuongoza, mle ndani mna ndovu na nyati, usiingie peke yako.

Upepo ndo kila kitu. Sabuni na madawa yaje baadaye, manake harufu ya binadamu haiishi, ngozi yamwaga vigaga vidogo vidogo wakati wote na pumzi waitoa hata ukitulia kama gogo. Kazi yako ni kuipunguza halafu uipeleke mahali hakuna pua. Na sisi wa pwani twajua upepo wetu: kusi latoka kusini-mashariki, basi kibanda weka kaskazini-magharibi ya njia wanayopita wanyama, likija kaskazi, lile la kutoka kaskazini-mashariki, hamia kusini-magharibi. Shida ni alfajiri, kuna ule upepo mwepesi wa bara unaoshuka kwenda baharini, ukikaa pale pa kusi saa hio harufu yako yote yaenda kwenye njia yao. Kwa hiyo mimi huwa nachagua sehemu mbili mapema, ya alfajiri upande wa mashariki, na nyingine ya jua likishapanda. Beba kichupa cha unga wa muhogo, bonyeza kidogo uone unapepea wapi, rudia kila baada ya muda maana ndani ya miti upepo wazunguka.

Sasa nguo, na hapa ndo watu wa kwetu twaharibu. Shati limefukizwa udi, kichwani mafuta ya asumini, kwapani marashi. Mwaka mmoja nilivaa shati lililokaa kabatini pamoja na kanzu za Idi, pongo dume alikuja vizuri kabisa, akasimama, akainua pua, akabweka kama mbwa na ikawa basi, asubuhi nzima hakuna kilichotokea tena. Iliniuma sana. Tangu siku hio nguo za porini nafua kwa magadi peke yake, naanika mbali na jikoni, nazifunga kwenye mfuko pamoja na majani makavu ya msituni, na nazivaa nikikaribia kibanda, si nyumbani. Kuoga ni sabuni isiyo na manukato. Gambuti za mpira ni bora kuliko viatu vya ngozi, na usishikeshike matawi njiani.

Boda ikuache mbali, petroli yashika nguo vibaya. Tembea pole pole pia, joto letu hili ukikimbilia wafika umelowa na kufua kote kumekuwa bure.

Turubai jipya lanuka dukani, lianike nje siku kadhaa kabla. Ukiwa ndani fungua dirisha la mbele tu, ya nyuma funga, maana hewa ikipita katikati yabeba harufu mbali, na kukiwa na giza ndani nalo lakuficha. Kahawa acha kwenye chupa imefungwa, sigara usiguse. Mbu wapo, ila dawa ya kujipaka yanuka, mimi navaa mikono mirefu na kujifunika chandarua, lakini kama mbu wamezidi jipake tu, malaria si ya kuchezea.

Halafu usitoke paa akiwa bado mbele yako. Hawa wapita njia zilezile na kunya palepale, akishakuona ukitoka kibandani atapakwepa. Ngoja aondoke, hata kama mgongo wauma, ndo ukunje turubai.