Kupima jinsi umbo la chembe linavyoshikilia lundo

Gololi ukizirundika husambaa, kokoto hukaa. Kupima tofauti hiyo, yaani pembe ya mteremko wa lundo, kunahitaji faneli, ubao na rula. Kazi iko kwenye kuhakikisha kinachobadilika ni umbo peke yake.

Andaa nusu lita ya kila aina: shanga za kioo za mviringo, changarawe iliyopondwa yenye kingo kali, na mchele. Shanga na changarawe uzichekeche zibaki za milimita 2 hadi 3. Hatua hii wengi huiruka, kisha chembe kubwa hubingirika hadi kitakoni, ndogo hubaki katikati, na pembe inayopatikana si ya umbo tena. Zote ziwe kavu kabisa, kwani unyevu hugandamanisha chembe: mchanga mbichi husimama wima hata chembe zake zikiwa za mviringo.

Gundisha msasa juu ya ubao na uusawazishe kwa pimamaji. Bila msasa, safu ya chini huteleza na lundo zima hutanuka. Tundu la faneli liwe la milimita 20 hivi. Likiwa dogo, changarawe na mchele hujipanga kama tao na kuliziba. Mimina polepole, mdomo wa faneli ukiwa sentimita 2 juu ya kilele, ukiuinua kadiri lundo linavyokua. Ukimimina kutoka juu sana, kilele hupondeka.

Pima kimo, kisha kipenyo cha kitako pande mbili na uchukue wastani. Gawanya kimo kwa nusu ya kipenyo, utafute kwenye kikokotoo pembe yenye tanjenti hiyo. Kimo 6, kipenyo 18: 6 ÷ 9 = 0.67, yaani nyuzi 34. Rudia mara 5.

Shanga hutoa nyuzi 25 hivi, changarawe karibu 40. Itazame chembe moja juu ya mteremko: ushanga umekaa kwenye kibonde kati ya wenzake, ukiinuliwa kidogo tu unabingirika. Kipande cha changarawe kimekalia uso bapa. Ili kitoke, sharti kiteleze dhidi ya msuguano au kiparamie kona ya jirani. Punje za mchele hulaliana, kwa hiyo mteremko wake una mabonde na vipimo hutawanyika zaidi.

Ukitaka kuona umbo likishinda kabisa, tumia pini za stepla zilizotenganishwa moja moja. Faneli haifai hapa, maana zinanasana. Zijaze kwenye kikombe, kigongegonge, ukipindue na kukinyanyua taratibu: mara nyingi hubaki zimesimama kwa umbo la kikombe.