Kuuchunga moyo wa mtoto mwenye dematomaiositisi

Ugonjwa huu, ambao kinga ya mwili hugeuka ikashambulia misuli na ngozi, wengi tunaujua kwa kope za zambarau, vipele juu ya vifundo vya vidole na mtoto kushindwa kunyanyuka sakafuni. Moyo hautajwi sana, ingawa nao ni msuli.

Mtoto mwingine moyo ukimsumbua utamwona akihema kwenye rede. Binti yangu miguu haimruhusu kukimbia, basi nisubiri ahemee wapi? Ndiyo maana namwangalia akiwa ametulia.

Asubuhi, kabla hajatoka kitandani, weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, upande wa dole gumba. Hesabu mapigo dakika nzima. Ukihesabu sekunde 15 ukazidisha, yanayoruka yatakupita. Andika kwenye kaunta buku. Unachotafuta ni mabadiliko: yakipanda yakabaki juu bila homa, au yakienda ovyo, nenda na buku kliniki.

Presha nayo ipimwe, kwa kuwa prednisoloni, vidonge vya kutuliza shambulio la kinga kwenye misuli, hupandisha presha. Hapa ufundi cherehani umenifaa. Zungusha tepu katikati ya bega na kiwiko: mkono wa sentimita 18 unataka mkanda ambao mfuko wake wa hewa una upana wa kama sentimita 7. Wakimfunga mkanda wa mtu mzima, namba itatoka chini kuliko ukweli, mrudi nyumbani mmefurahi bure. Ikiwa juu, mwambie daktari; vidonge usivikatishe mwenyewe, kuacha prednisoloni ghafla ni hatari.

Kliniki omba kipimo cha umeme wa moyo na eko, ile picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti. Haviumizi. Vifanyike mapema hata kama mtoto halalamiki, ili baadaye pawe na cha kulinganisha. Kwenye damu hupimwa troponini, protini inayovuja msuli wa moyo ukiumia; ila troponini T inaweza kupanda kwa sababu ya misuli ya mikono na miguu tu. Ikipanda, uliza kama troponini I inapatikana, hiyo inauhusu moyo zaidi.

Akizimia, akikosa pumzi akilala chali, au kifua kikimuuma akilala na kupoa akiinama mbele, usingoje tarehe ya kliniki. Bibi yake huona uso umejaa akasema mtoto kanawiri; uso ule ni wa vidonge. Lakini miguu ikivimba, ukiibonyeza ikabaki na shimo, mpeleke hospitali siku hiyohiyo.